Gemu Iliyoitwa Isinyauke

Kitabu kililetwa na Madam Veronicah, mwalimu wa historia, wakati wa mapumziko ya chai. Kilikuwa bado ndani ya mfuko wa karatasi wa duka la vitabu. Alikiweka juu ya meza ya Kajuju, akasukuma kando rundo la karatasi za mtihani wa kufungua muhula, akabaki amesimama pale pale.

"Fungua. Sikwambii kitu. Wewe fungua tu."

Kajuju alifungua. Jalada lilikuwa la manjano, na juu yake palikuwa na picha ya vijana waliobanana mbele ya televisheni ndogo. *Kutoka Kibandani: Historia ya Gemu za Video Nchini Kenya.* Mwandishi aliitwa Wawira Muchangi.

"Ni msichana wa hapa hapa Embu," Veronicah alisema. "Ameanza na zile enzi za vibanda vya Majengo kule kwenu Meru, akaja mpaka hizi gemu za simu. Nilikuwa nimemnunulia kijana wangu. Kufika sura ya saba nikasema, ngoja kwanza. Huyu Njoka si ndiye aliyekuwa mzee wako?"

Kajuju alitafuta sura ya saba. Kichwa chake kilikuwa neno moja: "Isinyauke". Aliisoma yote akiwa ameketi, huku walimu wengine wakibishana kuhusu ratiba. Sura ilieleza jinsi kijana mmoja wa Gachoka, jina lake Njoka, alivyobuni gemu ya simu alipokuwa akiishi Nchiru. Mchezaji anaendesha pikapu lililojaa miraa, limefunikwa majani ya mgomba, na lazima alifikishe uwanja wa ndege kabla miraa haijanyauka. Ilieleza jinsi gemu hiyo ilivyoenea katika simu za watu, ikashinda tuzo Nairobi, kisha mwenyewe akaiondoa mtandaoni bila kutoa sababu. Michoro ilikuwa ya Njoka. Programu ilikuwa ya Njoka. Na ile sauti ya mtoto iliyopendwa sana na wachezaji, inayopiga kelele "Tena!" kila pikapu linapopinduka, ilipatikana kwenye hazina ya sauti za bure mtandaoni.

Jina la Kajuju halikuwamo.

Alifika mwisho wa sura, akafunga kitabu, akanywa chai. Ilikuwa imepoa.

"Haya?" Veronicah aliuliza.

"Ameandika vizuri."

"Vizuri? Si wewe mwenyewe uliniambia mliitengeneza pamoja?"

"Tuliitengeneza pamoja."

"Na jina lako haliko hata kwa shukrani! Kwani wewe husikii uchungu?"

Lilikuwa swali la haki, na Kajuju alijichunguza kwa uaminifu kabla ya kujibu. Hakupata kitu. Ilikuwa kama kubonyeza mguu uliokufa ganzi: unaona kidole kinabonyeza, unajua ni mguu wako, basi.

"Nina darasa," alisema, akachukua chaki zake.

Kuhusu ile sauti hakumwambia Veronicah lolote. Veronicah alijua kwamba Kajuju aliwahi kuwa na mtoto. Walimu wote walijua, na hakuna aliyelitaja. Jina la mtoto huyo hawakulijua.

*

Njoka na Kajuju walikutana kwa sababu ya kitabu. Wakati huo wote walikuwa wanafunzi wa kompyuta katika chuo cha Nchiru. Maktaba ya chuo ilikuwa na nakala moja tu ya kitabu kinene cha historia ya gemu za video, kimeandikwa ng'ambo, na kila Kajuju alipokwenda kukiazima aliambiwa kimechukuliwa. Mwishowe akamwuliza mkutubi ni nani huyo asiyetosheka. Mkutubi akamwonyesha kijana mwembamba aliyeketi kando ya dirisha.

Tangu hapo walikisoma pamoja. Kajuju alipenda maelezo madogo ya mwisho wa kila sura, Njoka alipenda picha. Walisoma jinsi Wamarekani walivyoanza na mashine za kuwekwa kwenye baa, jinsi kampuni moja ilivyopata hasara hadi ikazika gemu zake jangwani, jinsi Wajapani walivyoingia pale wengine waliposhindwa. Hakukuwa na ukurasa hata mmoja kuhusu Afrika.

"Siku moja watatuweka," Njoka alikuwa akisema.

"Tutengeneze kwanza kitu cha kuwekwa," Kajuju alikuwa akijibu.

Walioana, wakabaki Nchiru katika chumba cha kupanga nyuma ya hosteli za wanafunzi, na hapo ndipo Isinyauke ilipotengenezwa. Njoka alitaka pikapu libebe muguka, ile miraa ya majani, kwa sababu ndio wa kwao Mbeere. Kajuju alitaka miraa, kwa sababu ndiyo ya kwao Meru. Walibishana jioni nyingi, wakicheka, hadi Kajuju akashinda kwa hoja ya ndege: miraa ndiyo inayokimbizwa uwanjani. Njoka alichora. Kajuju aliandika programu, kila kona ya barabara na kila mtikisiko wa gari.

Binti yao aliitwa Wanjugu, jina la mama yake Njoka, kama ilivyo desturi kwa binti wa kwanza. Alizoea kukaa mapajani mwa mama yake wakati wa kujaribu gemu. Pikapu likipinduka, yeye alifurahi kuliko likifika. "Tena!" alipiga kelele. "Tena! Tena!" Siku moja Njoka akasogeza simu mdomoni pake, akairekodi sauti hiyo, na wakaitia ndani.

Wanjugu alishikwa na homa wakati wa mvua za Aprili. Daktari alisema ni homa ya uti wa mgongo. Walikuwa wamemfikisha hospitalini mapema, kila mtu alifanya alichoweza, na mtoto akafa. Alikuwa anakaribia kuanza darasa la kwanza. Walimzika Gachoka, kwa kina Njoka.

Waliporudi Nchiru, wanafunzi wa chumba cha pili walikuwa bado wanaicheza Isinyauke. Hawakujua. Ukuta ulikuwa mwembamba, na kila jioni sauti ilipita: "Tena!" Njoka alikuwa akitoka nje na kusimama barabarani. Kajuju alikuwa akiendelea kupika.

Kisha siku moja gemu haikuwepo tena. Njoka alikuwa ameiondoa kwenye duka la mtandaoni, akaizima isifunguke hata katika simu zilizokuwa nayo, akafuta kila kitu kwenye kompyuta zao. Alimwambia Kajuju akiwa amesimama mlangoni. Kajuju alisikiliza, akasema, "Sawa," akaendelea kukunja nguo. Hawakugombana siku hiyo wala siku nyingine. Kazi ya ualimu ilipotokea Embu, Kajuju akaenda. Njoka akapata kazi Nairobi, kuandika programu za mahesabu ya kampuni. Ndoa yao haikuvunjwa na mtu. Iliachwa tu.

*

Uzinduzi wa kitabu ulifanyika Nchiru, Jumamosi alasiri, katika ukumbi karibu na chuo. Veronicah ndiye aliyeamua kwamba wangekwenda.

"Sitaki vurugu," alisema, akiendesha gari lake dogo. "Nataka tu huyo mwandishi akuone kwa macho."

Kajuju alikubali kwa sababu kukataa kungehitaji maneno mengi zaidi.

Nchiru ilikuwa imeota maghorofa. Nyuma ya vibanda vya chipsi na fotokopi, pale palipokuwa na safu yao ya vyumba, palisimama hosteli ndefu yenye nguo zilizoanikwa kila roshani. Veronicah aliuliza kama ndipo walipokuwa wakikaa. Kajuju alisema ndipo.

Ukumbini Njoka alikuwa ameketi safu ya mbele na wageni walioalikwa, amevaa shati la buluu, amenenepa kidogo shingoni. Aligeuka, akamwona Kajuju, akataka kusimama, akaketi tena.

Wawira alikuwa mwanamke mfupi mwenye kusema haraka haraka. Alisimulia jinsi alivyozunguka mji baada ya mji akitafuta wenye vibanda vya zamani. Majengo alimpata mwenye bucha mmoja, sasa mzee, aliyekuwa ameweka televisheni nyuma ya duka lake, na vijana walicheza mpira wa gemu hapo mchana kutwa wakinuka nyama. "Mama zao walikuwa wanajua walikokuwa kwa kunusa mashati," Wawira alisema, na ukumbi ukacheka. Alisema historia za gemu zimeandikwa kana kwamba sisi tulikuwa tunangoja tu kuletewa, ilhali tulikuwa tunacheza, tunakarabati, tunabuni.

"Sasa nina zawadi," alisema. "Mnajua Isinyauke ilizimwa. Lakini kuna fundi wa simu Embu mjini aliyekuwa na simu moja ya zamani, kioo kimepasuka, haijaunganishwa na mtandao tangu enzi hizo. Ndani yake imo, na bado inafunguka."

Njoka aliinua kichwa.

Simu iliunganishwa na projekta. Mwanafunzi mmoja wa kike aliitwa mbele acheze. Ukutani ikatokea barabara ya udongo mwekundu, migomba kando, pikapu limesheheni. Kajuju aliitambua kila kona. Msichana aliendesha vizuri, na wenzake wakamshangilia. Kisha akagonga tuta kwa kasi, pikapu likaruka, likapinduka, skrini ikawa nyeusi.

"Tena!" ilisema sauti ya mtoto kupitia spika kubwa za ukumbi. "Tena! Tena!"

Watu walicheka kwa furaha. Veronicah naye alicheka.

Kajuju aliona mikono yake imelala juu ya mkoba. Aligundua kwamba katika "Tena" ya pili pua ya mtoto ilikuwa imeziba kidogo. Siku ile alikuwa na mafua. Alikuwa amelisahau hilo. Wazo likapita kama tangazo la redioni katika nyumba ya jirani.

Njoka aliinuka, akatoka kwa mlango wa pembeni. Msichana aliendelea kucheza. Baada ya muda kidogo Kajuju naye akainuka. Hakuamua kumfuata, ila miguu ilikuwa tayari inakwenda.

Alimkuta amesimama kando ya tangi la maji, mgongo kwa ukuta.

"Sikujua ataicheza," Njoka alisema.

"Najua."

"Wala sikujua utakuja."

"Rafiki yangu ndiye alitaka."

 Upande wa pili wa ua mtu alikuwa akiosha sufuria za chai ya wageni.

"Umekisoma?"

"Nimesoma sura yetu."

Njoka alikunja uso aliposikia neno hilo la mwisho. "Ukikasirika una haki."

"Sijakasirika. Nimejaribu."

"Aliniuliza tulikuwa wangapi," Njoka alisema. "Nilitaka kusema ukweli. Nikaona nikitaja jina lako ataniuliza wewe ni nani wangu. Nikisema mke, ataniuliza kama tuna watoto. Kwa hiyo nikamwambia nilikuwa peke yangu. Akauliza sauti ni ya nani, nikasema ni ya mtandaoni. Lilikuwa jibu fupi, Kajuju. Nilikuwa natafuta jibu fupi tu."

"Naelewa."

"Unaelewa kweli?"

"Naelewa. Lakini ulipoifuta hukuniuliza."

Hakuwahi kulisema neno hilo. Lilitoka kwa sauti ile ile anayotumia kumwambia mwanafunzi kwamba ameruka swali. Njoka alimgeukia.

"Hapana," alisema. "Sikukuuliza."

"Mimi ningeiacha."

"Hata ukiisikia ukutani kila siku?"

"Ningeiacha."

Ndani ya ukumbi pikapu lilipinduka tena. Wote wawili walingoja sauti iishe.

Watu walipoanza kupanga foleni ili kutiwa sahihi vitabuni, Kajuju naye alipanga foleni, akiwa na kile kitabu cha manjano cha Veronicah. Wawira alikuwa anaandika bila kuinua macho.

"Niandike kwa nani?"

"Wanjugu."

"Wanjugu. Ndiwe?"

"Hapana. Ni yule mtoto. Ile sauti."

Kalamu ilisimama. Wawira alimtazama Kajuju, kisha akamwona Njoka, mgeni wake, amesimama hatua chache nyuma, amekunja mikono kifuani.

"Sauti ni ya mtoto wenu?"

"Ndiyo."

"Na sasa yuko..."

"Alikufa," Kajuju alisema. "Na programu niliandika mimi. Yeye alichora."

Wawira alifunika kalamu yake. Nyuma foleni ilianza kunung'unika. "Dada yangu," alisema, "nimekukosea sana."

"Uliandika ulichoambiwa."

"Niliambiwa na mtu mmoja, na nikaridhika na mmoja. Kitabu kitachapwa tena karibuni. Naomba nije mnieleze upya. Popote mtakaposema."

Njoka alisogea. "Gachoka," alisema. "Nyumbani kwa mama. Kama Kajuju atakubali."

Kajuju hakuwa amekanyaga Gachoka tangu mazishi. "Sawa," alisema.

Wakiwa njiani kurudi Embu, Veronicah, aliyekuwa amesikia yote pale mezani, aliegesha gari kando ya barabara karibu na Chuka, akaanza kulia. Kajuju alimtafutia kitambaa mkobani.

"Unalia nini, Madam?"

"Nalia tu," Veronicah alisema, akijifuta. "Si lazima mtu alie?"

*

Mama yake Njoka alikuwa anavuna ndengu. Turubai ilikuwa imetandazwa uani, maganda meusi yamerundikwa juu yake, na jua la Mbeere lilikuwa linayapasua lenyewe kwa milio midogo. Kila mtu pale Gachoka alimwita Cucu, yaani nyanya, hata watu wazima. Alimwona Kajuju akiingia langoni, akaacha fimbo ya kupuria.

"Mama Wanjugu," alisema.

Hakuna mwingine aliyekuwa bado anamwita hivyo. Alimshika mikono yote miwili, akamwongoza kivulini. Cucu alisema kwa Kimbeere, Kajuju akajibu kwa Kimeru, na pale lugha mbili hizo zilipoachana walirukia Kiswahili. Hakumwuliza kwa nini alipotea. Alimwuliza kama anakula.

Walikunywa uji wa mawele. Wawira aliweka simu yake ya kurekodia juu ya kiti na kuanza kuuliza maswali. Kajuju alijibu yote. Alieleza jinsi alivyofanya gari liyumbe zaidi likiwa na mzigo juu, na jinsi alivyoupunguza muda wa kunyauka kwa sababu wachezaji walikuwa wanafika mapema mno. Njoka alisema pikapu la kwanza lilikuwa jeupe. Kajuju akasema lilikuwa la buluu.

"Lilikuwa jeupe."

"Lilikuwa la buluu, ukalibadilisha kwa sababu lilionekana kama la polisi."

Njoka alifikiri. "Ni kweli," alisema. "La buluu."

Alipoulizwa kuhusu sauti, ni Kajuju aliyesimulia. Mtoto, mapaja, simu, mafua. Alitaja jina lote, akalitamka herufi kwa herufi ili liandikwe sawasawa. Wawira hakuuliza zaidi ya alichopewa.

Muda wote huo Cucu alikuwa akichambua ndengu kwenye ungo. Sasa akasema, "Na mimi sijaisikia."

Njoka aligeuka. "Hujaisikia nini, mama?"

"Hiyo sauti. Nilikuwa na ile simu yangu ndogo ya kupigia na kumulika tochi tu. Watu sokoni walikuwa wananiambia, jina lako linaongea kwa simu za watu. Nikasema, nitangoja waje likizo wanionyeshe. Halafu akaugua." Aliupepeta ungo, makapi yakaruka. "Halafu mkaifuta. Hakuna aliyekuja kuniuliza mimi, na jina ni langu."

Njoka alimtazama Kajuju. Kajuju alitazama chini. Miaka yote hii alikuwa amelibeba neno moja, kwamba hakuulizwa, na hata siku moja hakuwahi kufikiri kwamba kuna mwingine ambaye hakuulizwa pia.

Wawira alifungua mkoba wake taratibu, akatoa ile simu yenye kioo kilichopasuka. Njoka aliwasha gemu, akataka kuishika mwenyewe, mama yake akamwambia ampe.

"Anaongea saa ngapi?"

"Gari likianguka, mama."

"Sasa nitaliangushaje?"

"Acha tu kuligusa. Litaanguka lenyewe."

Cucu aliinua vidole. Pikapu lilikwenda kombo, likapanda ukingo, likapinduka na mzigo wake.

"Tena!"

Mwanamke huyo mzee aliganda. Kisha akaisogeza simu karibu na uso wake, kama mtu anayetazama ndani ya chungu.

"Tena! Tena!"

"Nimekusikia, somo yangu," alisema. "Nimekusikia."

Akaanza upya. Hakujaribu hata mara moja kulifikisha gari popote. Aliliangusha, akasikiliza, akaliangusha tena, na kila mara alijibu. Njoka aliinuka, akaenda nyuma ya ghala, na walimsikia huko akilia kwa sauti ya mwanamume asiyezoea. Wawira alikuwa ameizima simu ya kurekodia bila kuambiwa na mtu. Mkono wa Cucu ulipochoka, Kajuju alimshikia ile simu, naye Cucu akaendelea kubonyeza kwa kidole kimoja. Kajuju hakulia. Aliisikia simu ikipata moto kiganjani mwake, akaisikia na harufu ya ndengu kavu, na bega la mkwe wake likiegemea lake. Hayo aliyasikia. Zaidi ya hayo hakuweza kusema.

Mawingu yalipokusanyika upande wa mlima, Cucu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyaona. "Ndengu!" alisema, na wote wakakimbilia turubai, Wawira na viatu vyake vya mjini, Njoka na macho mekundu. Walikunja pembe, wakaburuta, wakaingiza yote ghalani. Mvua yenyewe haikunyesha.

Wakiwa bado wanahema, Njoka aliuliza swali ambalo hakuliuliza mara ya kwanza. Aliuliza kama gemu irudishwe.

"Mimi siwezi kusema peke yangu," aliongeza. "Nasema tu kwamba kwangu itakuwa ngumu."

"Kuna watu wanapiga kelele za upuuzi kwa simu kutwa kucha," Cucu alisema. "Mtoto wangu amekosa nini?"

Wote wakamngoja Kajuju.

"Irudi," alisema.

*

Simu mpya zilikataa programu ya zamani, kwa hiyo Kajuju alilazimika kuiandika upya sehemu kubwa. Alifanya kazi hiyo katika maabara ya kompyuta ya shule baada ya masomo, kabla ya mlinzi kuja kufunga. Njoka alimtumia michoro kutoka Nairobi. Ujumbe wao ulikuwa mfupi: hii imekaa vizuri, ile kona bado, punguza kijani. Hakukuwa na neno la mapenzi wala la lawama. Kitu ambacho Kajuju alikigusa mwisho kabisa ni ile sauti. Aliitoa katika simu ya fundi, akaisafisha kelele za upepo. Ile pua iliyoziba hakuigusa.

Wawira alimtumia sura ya saba kabla haijapelekwa kiwandani. Majina matatu yalikuwa mwanzoni, Kajuju, Njoka na Wanjugu, na karibu na mwisho aya moja kuhusu bibi wa Gachoka aliyecheza kwa kuliangusha gari. Kajuju aliisoma kwa kalamu nyekundu mkononi, akarekebisha jina la kijiji, akarudisha.

"Sasa umeridhika?" Veronicah alimwuliza, walipokuwa wakinywa chai.

"Sijui, Madam. Iko sawa. Iliyoandikwa ni kweli."

"Hiyo peke yake?"

"Kwa sasa ni hiyo."

Veronicah hakumsukuma. Alimmegea nusu ya andazi lake, na Kajuju akalila lote.

Siku chache baadaye, akisahihisha madaftari nyumbani jioni, simu ililia. Alikuwa Njoka. Walikuwa hawajazoea kupigiana.

"Mama anasema mvua imefika," Njoka alisema. "Anaanza kupanda wiki hii. Anauliza kama utakuja Jumamosi."

"Na wewe utakuwepo?"

"Nitakuwepo. Kama haitakusumbua."

Kajuju alitazama dirishani. Upande wa mlima Kirinyaga hakukuonekana kitu, ukungu ulikuwa umefunika yote.

"Mwambie nitakuja," alisema. "Mwulize kama nilete jembe."

"Nitamwuliza."

Hakuna aliyekata simu mara moja. Kajuju alisikia magari ya Nairobi nyuma ya pumzi ya Njoka, kisha akaiweka simu juu ya meza bila kuikata, akavuta daftari lililofuata.